Muhogo wa Kando ya Mto Luhira

Ilikuwa Jumamosi, tarehe 24 Mei, mwaka 2025. Kama kawaida, Dorine aliamka mapema nyumbani kwao Maposeni, akafagia uwanja na kuosha vyombo. Kisha yeye na mama yake, Kunegunda, wakapanda basi kwenda kuutembelea mji wa Songea. Binamu yake Adela, mkazi wa mjini mwenye umri wa miaka kumi, aliwapokea stendi.

Walianzia makumbusho ya Vita vya Majimaji. Walipofika kwenye makaburi ya mashujaa, Dorine alisimama mbali, mikono nyuma.

"Dada Dorine, unaogopa makaburi?" Adela akacheka. "Kweli wewe wa shamba!"

Maneno yale yalimkaa Dorine moyoni.

Mchana waliteremka hadi Mto Luhira. Mama aliketi kivulini kuzungumza na mwanamke aliyewauzia maandazi, nao watoto wakatembea kando ya bustani za mtoni. Pembeni mwa bustani moja palikuwa na mihogo iliyostawi vizuri. Dorine alitazama huku na huku, akang'oa shina moja, akamenya muhogo kwa meno.

"Huo si wetu," Adela akanong'ona.

"Mmoja tu! Sisi wa shamba tunautafuna mbichi. Wewe wa mjini huwezi."

"Naweza!"

Dorine aliuma kidogo. Ulikuwa mchungu, akautema kwa siri. Adela hakutaka kushindwa. Alikunja uso, akatafuna muhogo mzima, akaumaliza.

Muda si mrefu Adela alishika kichwa. Akatapika. Miguu ikamlegea, akaanza kuhema kwa shida.

"Adela! Mwanangu!" Mama alipiga kelele akija mbio pamoja na yule muuzaji wa maandazi. "Dorine, amekula nini?"

Dorine aliyakwepa macho ya mama yake. Akasema, "Maandazi, mama. Maandazi tu."

Mama aligeuka akamtazama yule muuzaji. "Umewapa nini watoto wangu?"

"Nimekula hayohayo, dada yangu!" mwanamke yule akajibu, machozi yakimlengalenga. "Nina watoto, siwezi kuwalisha sumu!"

Walimkimbiza Adela kwa bodaboda hadi zahanati ya karibu. Alikuwa hawezi tena kuinua kichwa. Muuguzi Mwamvua, mzaliwa wa Tunduru, alimwekea hewa ya oksijeni, kisha akamgeukia Dorine.

"Shikamoo," Dorine akasema kwa sauti ndogo.

"Marahaba, mwanangu. Mlikuwa pamoja. Amekula nini?"

Dorine alimwona mama yake mlangoni. Alihofia kuitwa mwizi. Alihofia kupelekwa kwa mwenye bustani. Lakini midomo ya Adela ilikuwa imebadilika rangi, na kila alipohema Dorine alihofia kwamba hatahema tena.

"Muhogo!" akalia. "Muhogo mbichi. Niliuiba mimi. Ulikuwa mchungu, nami nikamchokoza aule."

"Mchungu?" Mwamvua akashtuka. "Huo una sumu! Kwetu Tunduru hatuuli mpaka tuumenye, tuuloweke na kuukausha. Wengine huupanda pembeni ili wanyama na wezi wasisumbue." Papo hapo akaipigia simu hospitali waandae dawa, na gari likaja kumchukua Adela.

Mama na Dorine walisubiri nje ya wodi. Jioni daktari alitoka akasema Adela anapumua vizuri na ameomba uji. Dorine aliangua kilio.

"Mama, nisamehe."

Mama alimvuta karibu. "Nimekusamehe. Ila kesho tutakwenda kwa mwenye bustani, kisha kwa yule mama wa maandazi. Nilimtuhumu bure kwa ajili ya uongo wako. Mwanangu, kuiba ni vibaya, na kuficha kulitaka kumuua mdogo wako. Mganga hawezi kutibu asichoambiwa. Ukikosea, sema mapema, hata kama unaogopa fimbo."

Asubuhi Dorine aliomba radhi kote kuwili, mbele ya watu. Mwenye bustani hakumpiga. Alishika tama, akauliza, "Yule mtoto anaendeleaje?"

Nawe uliyesoma habari hii, usiifungie kitabuni. Mweleze mdogo wako, na jirani yako ambaye hajui kusoma: muhogo mchungu mbichi una sumu, na ukweli usemwe mapema.