Nyasi Kavu za Mama Séraphine

Asubuhi ile mjomba wangu Adalbert alikula mihogo na dagaa barazani, akaniambia nivae buti kwa sababu mvua ilikuwa imenyesha. Nilikuwa nimemaliza masomo ya kilimo, nikaja kumsaidia katika shamba lake la mpira, nje kidogo ya Kalemie, ng'ambo ya mto Lukuga. Miti yake ilikuwa inakufa.

Ugonjwa wenyewe niliujua. Ni kuvu nyeupe inayotambaa ardhini, ikipita mzizi kwa mzizi pale mizizi inapogusana. Mti hubaki kijani juu huku chini umeoza, kisha siku moja, bila upepo wowote, huanguka. Ulioathirika unang'olewa, na mtaro unachimbwa kuitenga mingine. Lakini kwanza unapima. Unalizungushia shina nyasi kavu, unasubiri majuma machache, unazifunua. Ukikuta nyuzi nyeupe, mti ni mgonjwa. Kila mgema wa utomvu katika shamba lile alijua hivyo, maana mjomba ndiye aliyewafundisha.

Pembeni kulikuwa na mti mmoja usio wa mpira. Ulipandwa kichwani mwa kaburi la Toussaint, mgema wake wa zamani. Mjane wa Toussaint, Mama Séraphine, aliumwagia unga kila alipokuwa na neno la kumwambia marehemu. Mjomba aliutaka uwanja ule kwa miche mipya. Akamwambia Didier, kapita wake aliyewasimamia wagema, aukate.

"Una ugonjwa," alisema.

Séraphine alifika akikimbia, mti umeshalala.

"Papa Adalbert, uliupima na majani makavu?"

"Mama, miye njo mwenye shamba. Nikiona muti mugonjwa, najua."

Séraphine akapiga magoti, akafukua kwa vidole. Nami nikainama kutazama. Mizizi ilikuwa mizima, mibichi, inatoa maji. Hapakuwa na uzi hata mmoja.

"Uliuhukumu bila kuupima," alisema taratibu. "Basi weye nitakupima."

Kesho yake tulikuta nyasi kavu zimezunguka nyumba yote, zimelazwa vizuri, kama zinavyolazwa kwenye shina. Mjomba alicheka mpaka akakohoa.

"Eh, Mama Séraphine! Unanitandikia kitanda, ao unaniona mbuzi?"

Séraphine alikuwa anapita njiani na beseni kichwani. Hakugeuka.

Mjomba alizipiga teke. Asubuhi iliyofuata zilikuwa zimerudi. Akazoea kuzikanyaga peku akienda kuoga.

Majuma yakapita. Siku moja, baada ya chakula cha mchana, nilizifunua.

Nyuzi zilikuwepo. Nyeupe, nyembamba, juu ya saruji. Kuvu ile hula mti. Haili saruji. Nilizifuata kwa macho. Zilipanda ngazi. Zilikatiza baraza. Ziliishia chini ya kiti cha mjomba, na mjomba alikuwa amekikalia, ananoa kisu cha kugemea.

Alishtuka kuuona uso wangu. Kisu kikamkata kidole.

Kilichotoka hakikuwa chekundu. Kilikuwa cheupe. Kilivutika kama utomvu wa mpira.

"Usimuambie muntu," alinong'ona.

Nilikwenda kwa Séraphine, nikapiga magoti mlangoni pake.

"Mama, umusamehe."

"Aje mwenyewe. Mbele ya wagema. Aseme: ule muti haukuwa na ugonjwa, nilidanganya. Ni neno moja tu, mwanangu."

Nilimpelekea mjomba neno hilo. Alikificha kidole chake ndani ya kitambaa.

"Miye? Nimupigie magoti bibi wa mugema? Hapana."

Siku iliyofuata, jua likiwa utosini, nilisikia majembe. Wagema wote walikuwa wanachimba mtaro kuizunguka nyumba. Nilitoka mbio, nikauruka.

"Didier! Nani amewatuma?"

Didier hakuinua macho. "Papa njo alitufundisha. Mugonjwa anatengwa."

Mjomba alitokea barazani. Alikuwa mnene, anang'aa, mzima kabisa kwa kumtazama. Aliuona mtaro. Alimwona Séraphine amesimama ng'ambo yake, mikono nyuma.

"Nitasema!" alipiga kelele. "Nakuja! Ule muti hauku..."

Hakukuwa na upepo. Hakuna jani lililotikisika.

Akaanguka.

Nilipomgeuza, nyayo zake zilibonyea chini ya vidole vyangu kama mbao iliyoloa. Zilikuwa nyeupe mpaka ndani.

Matangani Séraphine alikuja kunipa pole. Alinishika mkono kwa muda mrefu. Sisi ni Watabwa. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mkubwa wake.

"Pole, mwanangu," alisema. "Mujomba njo muzizi."

Nimerudi mjini, mtaa wa Kataki, kwenye chumba changu. Ninaishi peke yangu. Ufunguo ninao mmoja, nao hulala chini ya mto wangu.

Leo nimeamka nikakuta nyasi kavu zimezunguka miguu ya kitanda changu, zimelazwa vizuri. Zimeanza kusagika, kama nyasi zilizokaa hapo majuma mengi.

Ni lazima nizifunue ili nijue. Nimekaa kitandani, miguu nimeikunja juu ya godoro. Bado sijazifunua.