Bwana Ipo na Bomba la Mtaa wa Juu

Duka la vifaa vya ujenzi lilikuwa kwenye kona, katikati ya kinyozi na fundi cherehani. Mwenye duka wateja walimwita Bwana Ipo. Miaka yote ya biashara hakuna aliyewahi kumsikia akisema "hakuna". Ukiuliza bawaba, zipo. Ukiuliza kitasa ambacho hata waliokitengeneza wamekisahau, kipo. "Kaa kidogo upumzishe miguu," angekuambia. Kisha angechomoka kwa mlango wa nyuma, akimbilie duka la jirani, arudi nacho huku anahema.

Mkewe, Mama Pacha, ndiye aliyebaki kaunta akimpigisha mteja soga. Alimcheka mumewe, lakini moyoni alimwonea fahari. Watu walimpenda. Walimpenda hata wakamchagua kuwa diwani.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kwenda mrama. Bwana Ipo aliingia kwenye siasa na mazoea ya dukani. Wauza mboga walitaka soko liezekwe paa. "Lipo njiani." Wazazi walitaka ukuta wa shule. "Upo njiani." Wakazi wa mtaa wa juu, waliokuwa wakiteka maji mbali, walitaka bomba. "Lipo njiani, ndugu zangu. Hesabuni limeshafika!"

Wakaamini. Wakachimba mtaro wenyewe, kuanzia barabarani hadi nyumba ya mwisho. Bomba halikuja. Ilikuja mvua. Mtaro ukajaa matope, kingo zikamomonyoka, na asubuhi moja mkunga wa mtaa akateleza, akatumbukia na kuvunjika mguu.

Mkunga huyo ndiye aliyewapokea mapacha wa Mama Pacha walipozaliwa. Mama Pacha akaenda kumjulia hali, uso ameuinamisha kwa aibu. Mkunga hakumlaumu. Alisema tu, "Mwambie mumeo tunamngoja Jumamosi, mkutanoni."

Mama Pacha alirudi dukani amenyong'onyea. Akamkuta mumewe anapakia mabomba ya duka kwenye mkokoteni.

"Baba Pacha, hayo unayapeleka wapi?"

"Mtaa wa juu. Nitayalaza mtaroni kabla ya Jumamosi. Watu wakiona bomba, roho zitatulia."

"Na duka litabaki na nini?"

"Tutajua mbele ya safari, mke wangu."

Mama Pacha akaushika mkokoteni. Duka ndilo lililowalisha. Mume wake alikuwa tayari kulifukia ardhini kuliko kutamka neno moja dogo.

Wakati huohuo aliingia jirani yao, mama aliyekuwa karani wa baraza la madiwani hadi alipostaafu. Alikuja kununua koki ya jikoni. Akasimama, akautazama mkokoteni.

"Mabomba mazuri, diwani. Na maji yatatoka wapi?"

Bwana Ipo akaliweka chini bomba alilokuwa amelishika.

"Bomba kuu halijafika barabara ile," karani akaendelea. "Hata ukizika duka zima pale, utavuna upepo."

Mama Pacha alicheka bila kupenda. Mumewe hakucheka. Alikaa juu ya mfuko wa saruji, akashika kichwa.

"Sasa nifanye nini, dada? Nikisema hakuna, watanila mbichi."

Karani akavuta kiti. "Sikiliza, ndugu yangu. Dukani mali ni yako. Ukikosa, unakimbilia kwa jirani. Kwenye baraza huna stoo. Diwani peke yake hawezi kuleta bomba. Kazi yake ni kupeleka hoja. Kamati ya maji inaijadili, mhandisi anapima, kisha mradi unaingia kwenye bajeti. Usipoingia kwenye bajeti, hayo ni maneno tu. Hoja umepeleka?"

"Nilimwambia mwenyekiti. Tulikutana kwenye ngazi. Akasema sawa."

"Kwenye ngazi!" Mama Pacha akaruka. "Watu wamechimba mtaro kwa maneno ya kwenye ngazi?"

"Punguza moto, mdogo wangu," karani akamtuliza. "Kikao cha bajeti bado hakijafika, kwa hiyo nafasi ipo. Tena kiko wazi. Wananchi wanaruhusiwa kuja kutoa maoni. Waambie ukweli, halafu waalike waje."

Bwana Ipo akainuka. Kisha akaanza kushusha mabomba, moja moja. Mama Pacha akamsaidia.

Jumamosi darasa la shule ya mtaa, mahali pa mkutano, lilifurika. Mama Pacha alikaa nyuma. Mumewe akasimama.

"Ndugu zangu, bomba halipo. Wala halikuwa njiani. Niliwadanganya, na mkunga wetu ameumia kwa ajili ya ulimi wangu. Naomba mnisamehe."

Alikiona cha moto. Fundi cherehani, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, alimpa vidonge vyake mbele ya watu wote. Mama Pacha alitamani ardhi ipasuke. Halafu mkunga, mguu wake umefungwa bandeji ngumu, akainua mkono.

"Tumekusikia. Sasa tueleze, lipi unaliweza na lipi huliwezi?"

Bwana Ipo akaeleza kama karani alivyomweleza. Muuza mboga akauliza habari za paa. "Sijui, mama. Nitauliza, nikuletee jibu mkutano ujao." Muuza mboga akaguna, akakaa. Mama Pacha akashangaa. Kumbe inawezekana kusema hivyo na mtu akabaki mzima!

Kesho yake wakaufukia mtaro pamoja, diwani naye koleo mkononi. Hoja ikapelekwa, mhandisi akapima. Siku ya bajeti wakazi walijaza mabenchi yote. Mkunga alisimama kwa magongo, akaeleza ilivyo kumzalisha mama katika nyumba isiyo na maji. Bomba likapitishwa. Paa la soko halikupitishwa, na Bwana Ipo alikwenda kuwaambia wauza mboga jioni ileile. Walinung'unika, lakini walikubaliana kwenda wenyewe bajeti ijayo.

Ikawa kazi ya miezi, lakini maji yalifika mtaa wa juu. Watu walipokusanyika, Bwana Ipo alijificha nyuma ya mkewe, asije akaombwa hotuba. Mkunga akakinga kikombe cha kwanza, akapenya katikati ya watu, akampa.

"Kunywa, diwani. Safari hii hatukukuamini bure."

Bwana Ipo akanywa chote, maji yakimchuruzika hadi kifuani. Mama Pacha, aliyekuwa amebeba donge rohoni tangu siku ya mvua, alicheka mpaka akashika ukuta.