Jumanne Wendell Aliyosema Yuko Kazini

Ijumaa ile baa ya samaki wa kukaanga pale Milwaukee, Marekani, ilikuwa imefurika, na Renata, ndani ya koti lake la manjano, akamkanyaga Wendell mguu. Akaomba radhi mara saba. Wendell, dereva wa gari la kuondoa theluji, akacheka: "Dada, mguu bado upo. Kaa tule." Wakapendana hapo hapo, tusidanganyane.

Renata alikuwa na ugonjwa wa mawazo yasiyokoma. Kichwa kilimwambia kwamba Wendell atakufa na kosa litakuwa lake yeye Renata, basi akawa anampigia simu mara kumi na tano kwa siku kumuuliza kama yu mzima. Juu ya hayo, sonona ikamlaza kitandani. Dawa nne zilishindwa. Daktari alimkanya Wendell asimjibu, maana kila jibu huulisha ugonjwa. Yeye alijibu kila mara, tena kwa sauti tamu: "Niko mzima, kipenzi."

Ikaja dawa mpya ya kupuliza puani, mara mbili kwa wiki, kliniki. Ukishaipata huruhusiwi kuendesha gari, na asiye na wa kumrudisha nyumbani hapewi. Wendell akawa dereva wake. Wiki ya tatu Renata akaamka, akaoga, akaimba jikoni. Simu zikakoma. Jamani, mwingine angeshukuru! Wendell akaanza kuwaza kuna mwanamume mwingine.

Jumanne moja akamwambia ameitwa kazini, theluji imezidi. Uongo mtupu. Alikuwa likizo, amekaa garini kwenye maegesho ya duka. Renata akakosa dawa, na Alhamisi vilevile. Kufikia Jumatatu simu zilikuwa zimerudi, mara ishirini kwa siku, mwenyewe analia. Wendell alizipokea zote.

Halina, dada yake Renata, ndiye aliyekuwa amemwona pale maegeshoni, akamwambia dada yake. Renata akamkabili Wendell bila kupaza sauti.

"Nilipokuwa nalia, wewe ulijisikiaje?"

Wendell akainama. "Nilifurahi. Nilijua bado unanipenda."

"Nilipokuwa naimba jikoni nilikuwa nakupenda, Wendell. Mara ya kwanza bila woga. Ungeniuliza tu, mpenzi."

Wendell akalia, akaapa hatarudia, akaomba ampeleke yeye kliniki kesho yake. Renata akamfuta machozi kwa kiganja, naye analia vilevile, kisha akamwambia kwamba Halina ndiye atakayempeleka, na yeye ufunguo wa nyumba auache mezani.