Watoto wa Darasa la Mchana

Nyumba za kijiji chetu, karibu na Sindeni, zilijengwa kwa mistari iliyonyooka. Ilikuwa miaka ya Ujamaa. Serikali ilitaka watu waishi pamoja, wapate shule, zahanati na maji. Boma letu lilibaki pembeni kidogo, ng'ambo ya korongo. Mwenyekiti wa kijiji alimwambia baba asogee kwenye mstari. Baba akamjibu, "Mimi nitasogea, ndugu Mwenyekiti. Lakini hawa ng'ombe hawajui mistari."

Mwenyekiti akacheka, akamwacha.

Leo nina wajukuu, lakini asubuhi za wakati ule bado nazikumbuka. Natamani ningezipata tena hata moja tu. Mama yangu, Yuditha, alikamua ng'ombe kabla jua halijatoka. Baba yangu, mzee Koisaba, alipita katikati ya ng'ombe akiwaita kwa majina. Mimi, Nasha, nilikunywa maziwa ya moto, kisha nikavuka korongo kwenda shule. Mchana nikirudi, kazi yangu ilikuwa kuchunga ndama karibu na boma.

Shuleni nilikuwa darasa la tatu. Lakini nilikuwa la tatu kwa jina tu. Nilipokuwa darasa la kwanza, kiangazi kilikuwa kikali. Tulihama na mifugo kutafuta majani, mbali kabisa, upande wa Mto Pangani. Tulikaa huko muda mrefu. Tuliporudi, wenzangu walikuwa wanasoma hadithi, na mimi sikujua hata kuunganisha silabi. Tena nyumbani tulisema Kimaasai. Wenzangu wengi walisema Kizigua kwao. Kiswahili nilikikuta shuleni.

Basi nikabuni ujanja. Mwenzangu akisoma kwa sauti, mimi nilisikiliza kwa makini na kukariri. Nikiitwa, nilisimama, nikashika kitabu, nikasema maneno yote kwa mkupuo. Kweli nilikuwa hodari. Ningekuwa hodari hivyo katika kusoma, hadithi hii isingekuwapo.

Siku moja Mwalimu Mkuu, Mwalimu Mbaruku, aliniita nisome. Nikasimama. Nikasema maneno yangu bila kukosea.

"Nasha," alisema taratibu, "huo ni ukurasa wa jana."

Darasa zima lilicheka. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mwalimu Mbaruku hakucheka, wala hakunichapa. Aliniambia nikae, na baada ya masomo akaniita nje.

"Tangu lini hujui kusoma?" aliuliza.

"Tangu zamani, mwalimu," nilisema, nikaanza kulia.

"Usilie. Hauko peke yako. Mko wanane katika shule hii. Kuanzia Jumatatu mtakuwa na darasa lenu la mchana. Ofisi ya Elimu ya Wilaya imetupa mwalimu kwa kazi hiyo tu."

Mwalimu huyo alikuwa Mwaija Mhina. Alikuwa msichana wa Kizigua, binti wa mkulima. Alikuwa amesoma Korogwe, na bado alivaa viatu vyake vya shule. Jumatatu alituketisha wanane kwenye mkeka, nyuma ya darasa kubwa. Kwanza hakufundisha kitu. Alimwita kila mtoto pembeni, akamwonyesha herufi na silabi, akasikiliza.

"Nataka kujua kila mmoja ameishia wapi," alisema. "Tutaanzia hapo hapo. Hakuna aibu."

Jioni ile nilichelewa kurudi. Ndama walikuwa wamelia mpaka wamechoka. Baba alikuwa amesimama mlangoni mwa boma.

"Ulikuwa wapi?"

"Shuleni, baba. Tumetengwa watoto wanane ambao hatujui kusoma. Tunakaa peke yetu mchana."

"Mmetengwa?" Baba aliuliza neno hilo mara mbili.

Asubuhi alivuka korongo pamoja nami, fimbo mkononi. Alimkuta Mwalimu Mbaruku mbele ya ofisi.

"Mwalimu, nimesikia umemtenga mtoto wangu."

"Karibu, mzee Koisaba. Ni kweli, yuko kwenye darasa la mchana. Ni kwa faida yake."

"Faida gani? Mimi nikimtenga ng'ombe na wenzake, kesho yake yuko mnadani. Ng'ombe mzuri hatengwi. Umemwona mtoto wangu hafai, sasa unamtoa. Kama hafai shule, hata mimi sina haja ya kumleta. Ndama wangu wanalia."

"Sivyo, mzee. Nisikilize kwanza."

Lakini baba hakusikiliza. Alinishika mkono, tukarudi nyumbani. Njiani alisema jambo lililonikata maini. "Hutarudi tena kule, Nasha. Shule imekukataa."

Nilikaa nyumbani na ndama. Niliposikia kengele ya shule ng'ambo ya korongo, roho iliniuma. Nilimwambia mama, "Yeyo, mimi sikukataliwa. Yule mwalimu ni mpole." Yeyo ni mama kwa lugha yetu. Mama alinitazama tu. Kwake, neno la baba halikujibiwa papo hapo. Alingoja nafasi yake.

Wiki haikuisha, Mwalimu Mwaija akaja bomani. Alikuja kwa miguu, peke yake, viatu ameshika mkononi. Alikuwa anaogopa ng'ombe. Dume letu jekundu lilipogeuza kichwa tu, yeye akarudi nyuma ya mti wa miiba. Mama alicheka, akaenda kumpokea.

"Shikamoo, mzee," Mwaija alimwamkia baba.

"Marahaba. Kama umekuja kwa ajili ya mtoto, nilishasema."

"Nimesikia, mzee. Naomba tu kupumzika kidogo, jua ni kali."

Mgeni hafukuzwi kwetu. Mama akampa kigoda na kibuyu cha maziwa. Mwaija akanywa, akatazama huku na huku. Akawaona ndama wangu kwenye kipande cha majani mazuri, kando ya boma.

"Mzee, samahani. Sisi kwetu tunalima tu, sijui mifugo. Mbona hawa wadogo hawakwenda na wakubwa?"

Baba alikuwa mkali, lakini ukimwuliza habari za ng'ombe alisahau ukali wote. Mama aliijua dawa hiyo miaka mingi.

"Wataachwa," baba alisema. "Ng'ombe wakubwa wanakwenda mbali. Ndama miguu yake laini. Akiwafuata atabaki njiani, fisi atamla."

"Kwa hiyo wanabaki hapa."

"Hapa ndipo mahali pao. Tunapaita olopololi. Majani haya hayaguswi na ng'ombe mwingine. Hata mgonjwa namleta hapa. Wana maji karibu, wana mtu wa kuwaangalia mmoja mmoja."

"Na watu hawasemi kwamba ndama hawa hawafai?"

"Nani aseme?" Baba alishangaa. "Hawa ndio ng'ombe wangu wa kesho."

"Wanakaa hapa mpaka lini, mzee?"

"Mpaka miguu ikaze. Ikikaza, namwachia aende na wenzake. Hakai tena hapa hata siku moja. Majani haya ni ya mwingine."

Mwaija alikunywa maziwa yake. Baba akawatazama ndama, akamtazama Mwaija, akanitazama mimi. Kisha tukamsikia mama anacheka nyuma ya nyumba. Alicheka bila kujizuia, kama mtu aliyeisubiri siku hiyo.

"Msichana," baba alisema mwishowe, "umekuja kunitega."

"Hapana, mzee. Haki ya Mungu sikujua habari za ndama. Lakini mimi kazi yangu ni hiyo hiyo. Nasha hakukataliwa. Alisafiri na ng'ombe wako, wenzake wakatangulia. Nikimwacha darasa la tatu bila kusoma, atakwenda la nne bila kusoma, na la tano. Mwisho ataacha mwenyewe kwa aibu. Asubuhi atakaa na wenzake kama kawaida. Mchana nitamfundisha yale aliyoyakosa. Akishawafikia wenzake, namtoa."

"Na nani anakulipa? Mimi sitauza mbuzi kwa ajili hiyo."

"Hulipi kitu. Mshahara wangu, chaki na vitabu vinatoka Serikalini. Ni fedha za wananchi wote. Hata ule ushuru unaolipa mnadani umo humo. Mtoto wa mtu mwenye uwezo anaweza kutafutiwa mwalimu na baba yake. Asiye na uwezo, Serikali inamtafutia, ili naye asiachwe."

Baba alifikiri. "Na ndama wangu? Huyu ndiye mchungaji wao."

Hapo mama akatokea. Nafasi yake ilikuwa imefika. "Darasa ni siku ngapi?"

"Siku nne kwa wiki, mama. Ijumaa hatuna."

"Mimi mchana nachota maji na kupika," mama alisema, akamtazama baba. "Kuna mtu mmoja tu hapa anayelala kivulini saa hizo."

Kuchunga ndama ni kazi ya watoto. Mtu mzima wa kwetu akionekana nyuma ya ndama, atataniwa mpaka kaburini. Lakini kesho yake mchana, mzee Koisaba alitoka na fimbo yake, akasimama katikati ya ndama.

Wazee wenzake walipita wakamwona. "Koisaba! Umerudi utotoni?"

"Nimerudi," alijibu. "Piteni, msiwatishe ndama wangu."

Mpaka leo nikikumbuka jibu hilo, machozi hunilengalenga.

Nikarudi shuleni. Mchana tulikuwa wanane tu, na kila mmoja alisoma kwa sauti kila siku. Darasa kubwa lilikuwa na watoto wengi mno, na wiki ingeweza kupita bila mwalimu kukusikia. Kwa Mwalimu Mwaija hukupata pa kujificha. Alinikataza kukariri. Nilipoanza kusema kwa mkupuo, aliweka kidole kwenye neno la katikati na kuuliza, "Hili hapa ni nini?" Nikikwama, hakunitajia jibu haraka. Alingoja. Aliandika maneno tuliyoyajua: maziwa, jembe, korongo, muhogo, ndama. Siku niliyosoma neno "ndama" mwenyewe, nilipiga kelele, na Mwaija akapiga makofi.

Alitupa pia kazi ya nyumbani. "Kila jioni msomee mzazi wako mistari mitatu."

"Baba hajui kusoma," nilisema.

"Masikio si anayo? Mwambie akusikilize tu."

Baba akasikiliza. Kila jioni, baada ya ng'ombe kurudi, alikaa kwenye kigoda nami nikasoma. Hakujua herufi hata moja, lakini alijua nikikwama. "Rudia," alisema. "Hapo umeruka." Na mara nyingi ilikuwa kweli.

Masika yalipita, wakulima wakavuna mahindi. Mwisho wa mwaka Mwalimu Mbaruku aliniita nisome mbele ya darasa zima. Alinipa kitabu ambacho sikuwahi kukiona. Nilisoma polepole, lakini nilisoma ukurasa mzima, na hakuna aliyecheka. Nikapanda darasa la nne pamoja na wenzangu.

Baba alileta shuleni kibuyu kikubwa cha maziwa, akampa Mwaija mbele ya walimu wote.

"Asante, mzee, lakini siwezi kupokea," Mwaija alisema. "Mimi nalipwa na Serikali."

"Serikali haina ng'ombe," baba alisema. "Kunywa."

Walimu wote wakacheka, na maziwa yakanywewa.

Shule ilipofunguliwa tena, nilisoma asubuhi darasa la nne. Mchana ulipofika, miguu yangu ikanipeleka yenyewe nyuma ya darasa kubwa. Mahali pangu kwenye mkeka palikuwa na mtoto mwingine. Aliitwa Filemoni. Alikuwa ametoka Ngombezi, ambako baba yake alikuwa akikata mkonge, na alikuwa amehamahama shule mara nyingi.

Mwalimu Mwaija alikuja mlangoni. "Umesahau kitu, Nasha?"

"Hapana, mwalimu. Nimekuja kusoma."

"Wewe unajua kusoma."

"Bado kidogo."

Alinipa kitabu. "Soma hapo."

Nilikitazama kile kitabu. Kila neno nililijua. Nikaanza kusoma kwa kukwama. Nikaruka neno. Nikakosea jingine, kisha nikasimama kabisa, nikamtazama kama mtu anayeomba huruma.

Mwaija aliniangalia. Midomo yake ilikuwa inacheka, lakini macho yake hayakucheka.

"Ulipokuja hapa ulijifanya unajua," alisema. "Sasa unajifanya hujui. Nenda nyumbani, mwanangu. Filemoni anangoja."

Akachukua kitabu mkononi mwangu, akaingia ndani.

Nililia njia nzima. Nilimpenda yule mwalimu, na sikuelewa kwa nini mtu afukuzwe kwa sababu ameweza. Baba alikuwa bado kwenye malisho na ndama. Aliponiona alishtuka.

"Mbona mapema? Umepigwa?"

"Hapana, baba. Nimemaliza."

Alinitazama, kisha akakaa chini kwenye majani. Mzee mzima, katikati ya ndama, mchana kweupe.

"Basi nisomee," alisema.

Nikafuta machozi, nikatoa kitabu cha darasa la nne, nikasoma. Wazee wawili walikuwa wanapita njiani. Baba aliwainulia mkono wanyamaze, nao wakasimama pale pale kusikiliza. Nilisoma mpaka mwisho wa hadithi, na baba hakuniambia nirudie hata neno moja.