Sahani ya Tatu, Meza ya Nne

"Meza ya nne! Kuku wa mchuzi wa karanga, sahani tatu!"

Mhudumu, ambaye wenzake walimwita Msumari kwa wembamba wake, alibandika karatasi ya oda kwenye dirisha la kutolea chakula. Mpishi akaisoma huku akifuta mikono kwenye aproni. Hili halikuwa jiko lake. Kampuni yao ilikuwa na migahawa mitatu mbele ya bandari, wa Kiitaliano, wa Kijapani na huu wa Kithai, na yeye miaka yote alikuwa kwa Waitaliano. Asubuhi ile mpishi wa hapa aliungua mkono, yeye akahamishwa kwa siku moja.

"Umewauliza kama kuna asiyeweza kula kitu?"

"Nimeuliza, dada. Mzee akanikatiza kabla sijamaliza. Eti mwanamume anayechagua chakula hampi binti yake! Basi kijana akacheka, akasema yeye anakula chochote."

"Kumbe ni mambo ya posa?"

"Posa imeshapita. Leo wanapanga tarehe ya ndoa. Mzee ni nahodha mstaafu, bandari zote kazimaliza. Kaagiza kwa jina la Kithai kabisa! Kijana anaitikia kwa kichwa tu, lakini nakuapia hajui alichoagiziwa."

Mpishi akacheka. Akainama kuchungulia dirishani ili amwone huyo bwana harusi mwenye aibu ya kuuliza.

Kicheko kikamkauka mdomoni. Bwana harusi alikuwa mumewe.

Alivaa shati la bluu ambalo yeye mwenyewe alilipiga pasi alfajiri. Kidoleni pete hakuna. Pembeni yake alikaa msichana mwenye uso mpole, na mkono wa msichana ulikuwa juu ya mkono wake, juu ya meza, mchana kweupe.

Mpishi akatoa simu akapiga. Aliona kwa macho yake mumewe akiitazama simu ikiita, akiigeuza kifudifudi, akiendelea kutabasamu. Baada ya dakika moja ujumbe ukaingia:

"Niko gatini mke wangu, makontena yamekwama forodhani. Leo mchana nitashindia biskuti. Nakupenda."

Akausoma. Akausoma tena. Akashika ukingo wa meza ya kukatia.

"Dada, vipi? Meza ya nne wananitazama," Msumari alisema.

"Naileta."

Sufuria ya mchuzi ilikuwa ikichemka mbele yake, karanga zimesagwa zikalainika, harufu tamu imejaa jiko zima. Mwaka wa kwanza wa ndoa yao mumewe alikula keki kwenye sherehe ya jirani, ndani ina karanga. Koo lilivimba, midomo ikawa ya bluu, akafikishwa hospitali akiwa anakoroma. Tangu siku hiyo mpishi alinusa kila chungu kabla yake. Kwenye kila sherehe, kila hoteli, yeye ndiye aliyemwita mhudumu pembeni. Miaka sita mumewe hakuwahi kufungua mdomo kuuliza chakula kina nini. Alikuwa na mke wa kumuulizia.

Na leo hakuna aliyemuulizia.

"Sikumwagizia mimi, amekubali mwenyewe," mpishi alijiambia. Hakuna ambaye angemlaumu. Oda iliandikwa, swali liliulizwa, jibu lilitolewa mbele ya mashahidi. Akachota mchuzi, akaupeleka juu ya sahani ya tatu. Tone moja likaanguka ukingoni mwa sahani.

Akaitupa sahani ile kwenye sinki. Akatoa kikaango kingine, akakisugua kwa maji ya moto mara mbili, akaanza upya kwa tui la nazi na manjano. Machozi yalimtoka na hakuyafuta, mikono ilikuwa kazini.

"Hii ni ya kijana," alimwambia Msumari. "Usibadilishe hata ukiitwa na rais."

"Ina nini?"

"Haina karanga. Nenda."

Hazikupita dakika kumi, Msumari akarudi mbio.

"Dada, mambo yameharibika. Mzee kaonja sahani ya mkwewe, kaona si mchuzi mmoja. Anakuita."

Mpishi alivua kofia, akaiweka mezani, akatoka.

Mumewe alipomwona, uma ulimdondoka. Akamtazama kwa macho ya kusihi, kichwa kikitikisika kidogo tu: tafadhali, usiseme.

"Karibu, binti," nahodha alisema. "Sikukasirika. Ila hizi mbili zina karanga, hii haina. Nimekaa meli na wapishi miaka thelathini, najua mpishi hakosei hivi kwa bahati mbaya."

"Samahani, mzee. Mteja huyu karanga zinamfunga koo. Kijiko kimoja tu, hospitali hafiki."

Msichana akamgeukia mchumba wake. "Kweli? Mbona hujawahi kuniambia?"

"Ni... ni kitu kidogo, mpenzi. Nilimnong'oneza mhudumu."

"Mimi?" Msumari aliuliza kutoka nyuma. "Bosi, mimi umeniambia unakula chochote."

Msichana akamtazama mpishi.

"Sasa wewe umejuaje?"

Kabla mpishi hajajibu, nahodha akamtangulia kwa upole.

"Kama unamfahamu, sema, usiogope. Huyu kijana ni mgane. Mkewe alifariki miaka miwili iliyopita, hana wa kumwangalia. Hata kabla ya chakula tumemwombea dua marehemu hapa hapa."

"Alifariki?" Sauti ya mpishi ilitoka ndogo.

"Ndivyo alivyotueleza."

"Nashukuru kwa dua, mzee. Marehemu ni mimi."

Mumewe akainuka. "Msimsikilize, huyu ana..."

"Kaa chini!" Nahodha alinguruma, meza za jirani zikageuka.

Mpishi akatoa simu, akaiweka mbele ya msichana. Ujumbe wa gatini ulikuwa bado wazi, na juu yake picha yao ya harusi. Msichana alisoma polepole. Kisha akavua pete ya uchumba, akaiweka kwenye ukingo wa sahani ya tatu.

"Dada, naapa sikujua."

"Najua, mdogo wangu."

"Ulishajua ni yeye kabla hujapika?"

"Nilijua."

"Na bado ukampikia bila karanga?"

"Anayekaa kwenye meza ninayoipikia lazima aondoke mzima. Mengine ndiyo haya."

Nahodha alisimama, akamshika binti yake mkono. "Njia ya mwongo ni fupi," alimwambia kijana. "Yako imeishia kwenye kuku."

Mumewe alimkimbilia mpishi hadi mlango wa nyuma wa jiko.

"Mke wangu, shetani alinipitia. Tukazungumze nyumbani."

"Ulinizika lini? Nipe tarehe tu."

"Usiseme hivyo."

"Siku ya msiba wangu ulilia? Au jioni ile ulirudi nyumbani nikakupakulia?"

Mumewe akaushika mlango.

"Kaka yangu atakuja leo kuchukua vitu vya marehemu. Mfungulie."

Akafunga mlango, akakaa chini juu ya gunia la mchele, akalia mpaka Msumari akamletea maji.

Siku ya nne, saa saba mchana, alikuwa amerudi kwenye jiko lake la Kiitaliano. Simu ikalia ujumbe:

"Niko mgahawa wa Kichina karibu na ofisi. Tangu uondoke nakula mkate na chai tu, naogopa kila kitu. Orodha yote siielewi. Nisamehe mke wangu. Niambie tu kipi hakina karanga."

Alivijua vyakula vyenyewe. Angeweza kumtajia vitatu bila kufikiri, na vidole vyake vilikwisha kuandika cha kwanza. Akafuta. Akaandika upya:

"Muite mhudumu, umwambie mwenyewe kwamba karanga zinakuua. Mkeo aliyekuwa akikusemea amefariki."