Panga la Nne

Jumatano, tarehe kumi na tisa ya mwezi wa tatu, saa nane na robo mchana, ndipo mambo yalipogeuka katika nyumba ya Karani. Saa hiyo alikaza skrubu ya mwisho, akashuka kwenye ngazi, akabonyeza swichi. Pangaboi alilolitafuta kwa miaka likaanza kuzunguka juu ya kitanda cha mke wake, likiwa na mapanga yake yote manne. Halikutoa sauti yoyote. Ila pazia la dirisha, badala ya kupepea, liliinuka polepole kuelekea darini, likabaki limenyooka hivyo hivyo.

"Linavuta juu," alisema rafiki yake, ambaye watu walimwita Miwani kwa sababu ya duka lake la miwani.

"Nyaya zimepishana," Karani akajibu. "Kesho nitazirekebisha."

Mke wake alikuwa amekaa kwenye cherehani, kando ya kitanda. "Kesho yako naijua," alisema. "Bomba la jikoni nalo linaingoja hiyo kesho tangu mwaka juzi."

Wote watatu wakacheka. Vipande vya uzi vilivyoanguka sakafuni vilikuwa vimeanza kusogea, na hakuna aliyeviangalia.

Karani alikuwa amestaafu kazi ya kutunza majalada mahakamani. Wenzake walipostaafu walifuga kuku. Yeye alikusanya mapangaboi ya zamani. Yalining'inia sebuleni, barazani na jikoni, na mengine yalilala stoo yamefungwa kwa vitambaa vyenye mafuta. Mke wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Cherehani, alizoea kuwaambia wageni, "Mimi nimeolewa uke wenza. Wake wenzangu hao hapo juu, wananing'inia na wala hawapiki." Alikuwa mcheshi mama yule, na alikuwa mgonjwa. Vumbi la vitambaa vya sare za shule, alizozishona tangu usichana, lilimkaa kifuani likawa pumu. Alihitaji hewa. Mumewe alijiambia kwamba anamtafutia hewa iliyo bora kuliko zote, na huenda kwa sehemu ilikuwa kweli.

Pangaboi hilo walilijua kwanza kwenye picha. Miwani alinunua fremu kuukuu, na nyuma ya kadibodi yake akakuta picha ya chumba: kitanda, mwanamke amekaa kitandani anacheka, na juu yake pangaboi ambalo wao wawili, pamoja na ujuzi wao wote, hawakulitambua. Walibishana juu yake kwa miaka.

"Kikombe chake cha juu, kinachofunika kulabu, kina umbo la ua lililofumba," Karani alisema. "Hakuna kiwanda kilichowahi kutoa kikombe cha namna hiyo."

"Kipo. Wewe hujakiona tu."

"Na wewe umekiona wapi, muuza macho?"

"Nauza miwani, ndugu yangu. Ningekuwa nauza macho, mteja wangu wa kwanza ungekuwa wewe."

Walihesabu matundu ya skrubu kwa kioo cha kukuzia. Walipima urefu wa kivuli ukutani. Walituma nakala za picha kwa wakusanyaji wenzao. Yule mwanamke hawakumtazama. Waliona tu kwamba anawazibia sehemu ya ukuta.

Hatimaye mkusanyaji mmoja akajibu kwamba aliwahi kuliona katika nyumba ya wageni iliyofungwa zamani. Walilikuta huko, chumba cha mwisho, limeinama upande juu ya kitanda kikuukuu, lina mapanga matatu. Mwenye nyumba, bibi mzee mwenye tasbihi mkononi, alikubali walichukue.

"Lakini litumieni hivyo hivyo lilivyo," alisema.

"Limepoteza panga moja, bibi," Miwani akasema.

"Halikupotea. Marehemu mume wangu aliliondoa, baada ya wifi yangu kufia kwenye kitanda hiki."

Mtu mwingine angeuliza huyo wifi alikufaje. Wao waliuliza panga liko wapi. Wakusanyaji ndivyo walivyo. Kitu kilichopungukiwa kinawauma kama jino bovu. Bibi akaendelea kuhesabu tasbihi yake. Lakini walipokuwa wanatoka, Karani aliliona uani, limezikwa katika saruji chini ya pipa la maji, ncha yake tu iko nje. Alirudi siku ya pili na patasi, saa ambayo alijua bibi yuko kwenye sala. Alipolisafisha nyumbani akakuta namba nne imegongwa kwenye shina lake, na yale mengine yana moja, mbili na tatu. Alilishika kifuani. Hata skrubu zake alizipaka gundi ngumu, ile ya mafundi wa magari, ili panga hilo lisilegee tena maishani.

Siku iliyofuata ile Jumatano alibadilisha nyaya kama alivyoahidi. Pangaboi likazunguka upande ule ule. Akazirudisha zilivyokuwa. Upande ule ule.

"Ajabu," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefurahi.

"Liache," mke wake akamwambia kutoka kitandani. "Tangu jana nalala kama mtoto mchanga."

Na kweli, kikohozi kiliisha. Binti yao, muuguzi, alikuja kumpima kama kawaida yake, akaweka kipimo kifuani, akasikiliza kwa muda mrefu kuliko alivyozoea.

"Kuna nini, mwanangu?"

"Hakuna kitu, mama. Kimya tu." Akakihamishia kipimo upande wa pili. "Kimya mno."

Baadaye ikaja harufu, harufu ya chumba alimolala mgonjwa muda mrefu bila dirisha kufunguliwa, ingawa dirisha lilikuwa wazi mchana kutwa. Mashuka yakawa yanainuka pembezoni. Nyuzi za rangi zilizokuwa sakafuni zikapanda hewani, nyekundu, buluu, nyeupe, zikasimama wima juu ya kitanda bila kufika darini na bila kuanguka. Binti ndiye aliyegundua jambo la kutisha zaidi. Alimvuta baba yake mkono hadi mlangoni, akamnong'oneza.

"Baba, mwangalie mama kifua. Halafu angalia juu."

Karani akaangalia. Mama alipovuta pumzi, mapanga yalipunguza mwendo. Alipoitoa, yaliongeza.

"Zima," binti alisema. "Baba, lizime sasa hivi."

Alibonyeza swichi. Pangaboi likaendelea kuzunguka. Akaenda kuzima umeme wa nyumba nzima. Friji ikanyamaza, taa zikafa, na mle chumbani mapanga manne yakaendelea kuzunguka bila haraka yoyote.

Wakambeba mgonjwa wampeleke hospitali. Hawakuvuka kizingiti. Mlangoni tu midomo yake ilibadilika rangi, macho yakatoka, mikono ikakwaruza fremu ya mlango ikitafuta kurudi ndani, na walipomrudisha kitandani pumzi ikarejea, laini, tulivu. Binti akaleta mtungi wa oksijeni. Mshale wa kipimo cha mtungi ulionyesha hewa inatoka, lakini barakoa haikumfaa kitu. Ile hewa ilipita kando ya uso wake ikapanda juu.

"Si mimi ninayepumua, mume wangu," Mama Cherehani alisema kwa sauti ndogo. "Napumuliwa."

Miwani alikuja jioni ile ile na imamu wa mtaa. Imamu alikuwa mtu wa maneno machache. Alisoma aya kwa muda mrefu, akitokwa na jasho, na kadiri alivyosoma ndivyo mapanga yalivyozidi kasi, mpaka sauti ikatoka kifuani mwa mgonjwa bila midomo yake kusogea, sauti kavu, ya mtu aliyekaa na kiu miaka mingi.

"Walinivunja, nikanyamaza. Nyinyi mmenitafuta. Mmenikamilisha kwa mikono yenu."

Imamu alifunga msahafu wake. Akawatoa chumbani hadi barazani.

"Panga lile la nne likitoka, litasimama, na huyu aliyemo ndani yake atatoka," alisema. "Hilo nina hakika nalo. Lakini pumzi ya mama ameishika yeye. Kama atairudisha, sijui. Siwezi kuwadanganya."

"Kwa hiyo tufanye nini, sheikh?"

"Sijui, ndugu yangu. Wallahi sijui."

Wakakaa siku kadhaa hivyo, wakimtazama. Hakuna jambo gumu kama kukaa na mgonjwa asiye na maumivu, anayekutazama akijua kwamba huna la kufanya. Karani alisali, akalia, akaapa kuyatupa mapangaboi yote. Miwani alikaa barazani na ile picha na kioo chake cha kukuzia. Safari hii alimtazama mwanamke. Kisha akaja kumpa Karani kioo na picha.

"Hakuwa anacheka," alisema.

Karani akatazama mdomo ule uliofunguka, ncha za mtandio zilizoinuka juu, vidole vilivyokamata shuka. Alikuwa ameitazama picha ile mamia ya mara.

Alasiri ya Ijumaa binti alikuwa amelala kwa uchovu, kichwa kwenye ukingo wa kitanda cha mama yake. Mama Cherehani akaona ushungi wa mwanawe unaanza kuinuka. Akainyoosha mikono yake miwili, akaushika, akaushusha. Ukainuka tena.

"Baba watoto," aliita. "Lete ngazi."

"Mke wangu..."

"Lete ngazi, nimesema. Mimi limeshanipata. Huyu halimpati."

"Halisimami. Nitafunguaje panga linalozunguka?"

Hapo, Mungu amrehemu, alitabasamu. "Mimi nitalisimamisha. Muda wote huu mnaliangalia, hamjaona? Nikibana pumzi, nalo litasimama. Wewe fanya haraka tu. Maisha yako yote, leo tu nakuomba haraka."

Binti aliamshwa akatolewa nje, akipiga kelele. Imamu aliitwa, akasimama mlangoni. Miwani alishika ngazi. Karani akapanda na bisibisi mdomoni, akatazama chini, akaona mke wake anamtazama, anaitikia kwa kichwa kumwambia tayari, kisha anavuta pumzi na kufumba mdomo. Mapanga yakapungua, yakayumba, yakasimama.

Skrubu ya kwanza haikusogea. Ile gundi yake mwenyewe, gundi ya mafundi wa magari, ilikuwa imeshika kama chuma kimoja, na Karani aliyeweza kufungua pangaboi lolote macho yamefumbwa akajikuta anasukuma bisibisi kwa uzito wa mwili wote huku inateleza na kumchana kiganja, na chini yake anasikia miguu ya mke wake ikigonga kitanda, kwanza polepole kisha kwa nguvu, na Miwani analia akisema usitazame chini, ndugu yangu, nakuomba usitazame chini, na skrubu ya kwanza ikalia ikazunguka, na ya pili ikazunguka, na mapanga yakaanza kutetemeka mkononi mwake kama kuku anayeshikwa miguu, na ile sauti kavu ikaanza kucheka juu ya dari, na miguu chini ikaacha kugonga, na akajua kwamba mke wake bado hajaiachia pumzi, kwamba bado ameibana kwa ajili ya mtoto wake, na skrubu ya tatu ikatoka pamoja na ngozi ya vidole vyake, na panga la nne likaanguka.

Nyuzi zote zilizokuwa hewani zikashuka kwa pamoja juu ya shuka.

Karani akatazama chini. Mke wake alifungua mdomo, akavuta pumzi moja, nzito, yenye mkoromo wa pumu yake ya zamani, pumzi yake mwenyewe. Akaitumia kutamka shahada. Hakuvuta nyingine.

Walimzika kesho yake. Miwani alilipondaponda panga kwa nyundo mpaka likawa vipande, na imamu akavisomea na kuvizika mbali. Mapangaboi Karani aliyashusha yote, na hilo lililobaki na mapanga matatu pia. Dari za nyumba ile zimebaki na kulabu tupu.

Mchana mmoja, baada ya adhuhuri, alikwenda kukaa kwenye kitanda kile. Cherehani ilikuwa pale pale, na sare ya mtoto wa mtu haijamalizwa mkono mmoja. Hakukuwa na upepo. Kwenye shuka palikuwa na uzi mmoja mwekundu uliosahauliwa, na alipokuwa anautazama ukainua kichwa, ukanyooka kuelekea kwenye kulabu iliyo tupu.

Hakukimbia. Hakujua kama ni yule amebaki, au ni mke wake anamwita, na hakuna mtu aliyebaki wa kumuuliza. Aliweka kiganja chake chenye makovu juu ya uzi, akaushusha taratibu kama mtu anavyomtuliza mgonjwa, akausikia ukisukuma chini ya mkono wake, juu, chini, juu, chini. Akafumba macho asitazame dari.

"Ee Mwenyezi Mungu," alisema, "mrehemu mke wangu. Lipanue kaburi lake, na umpe humo hewa aliyoikosa kwangu. Mlipe kwa pumzi aliyoibana kwa ajili ya mwanawe. Na mimi niliyetazama juu miaka yote, nisimtazame aliyekuwa hapa chini, nisamehe, na unikutanishe naye panapo rehema yako. Amina."