Nilibadilisha Jina, Nikaacha Mengine Yote

Mimi ni binti wa miaka ishirini na saba, mzaliwa wa Igurwa, Karagwe. Haya ninayoyaandika nimeyabeba miaka mitatu, na ndugu wasomaji, yamenichosha... Msinionee huruma. Anayestahili huruma si mimi.

Nilikuwa mwaka wa tatu chuoni, nikisoma sosholojia. Somo nililolipenda kuliko yote lilikuwa mbinu za utafiti, zile za kukaa na mtu na kumsikiliza badala ya kumjazisha madodoso. Mwalimu wetu alitufundisha kwamba mhojiwa akinyamaza, usikimbilie swali jingine. Nyamaza naye, mwisho atasema alilolificha. Nililishika hilo kama sala.

Mada yangu ilikuwa wajane na vibanja, yaani mashamba ya nyumbani ya migomba. Kwetu kibanja ni cha ukoo, na mjane hukikalia kwa mgongo wa mtoto wa kiume aliyemzalia marehemu. Basi nimhoji nani? Uvivu ukanituma kwa Restituta, mdogo wake mama, aliyeolewa Songambele, Kyerwa. Mumewe, fundi cherehani, alikuwa amefariki. Alikuwa na mabinti wanne na mtoto mmoja wa kiume, Deus, mtu mzima mwenye mke na watoto, ambaye ndiye aliyekitunza kibanja.

Mama mdogo alinipokea kwa kisahani cha kahawa ya kutafuna. Kwetu, ukitafuna kahawa ya mtu mmekwisha kuaminiana. Nikatafuna, nikawasha simu kurekodi, nikauliza habari za kibanja. Akajibu, akanyamaza. Nami nikanyamaza... Mwisho akasema Deus hakuwa damu ya marehemu. Mumewe alijua tangu mimba, akasamehe, akamwomba siri hiyo waende nayo kaburini.

Halafu akanishika mkono.

"Waitu, tafadhali mwanangu, hilo usiliandike."

Nilimjibu nini? Kwamba asiwe na wasiwasi, jina lake nitalibadilisha. Alikubali kwa sababu mimi ndiye niliyesoma.

Kweli nililibadilisha. Nilimwita Mama Neema. Lakini tulifundishwa kueleza maisha ya mhojiwa kwa kina, nami nikaeleza: mjane wa fundi cherehani aliyeanguka na pikipiki akitoka mnadani, mabinti wanne, wa kiume mmoja asiye damu ya marehemu. Nikapata A. Nilicheka peke yangu kwa furaha, mjinga mimi.

Tulihimizwa pia kuwarudishia wananchi matokeo. Wenzangu wengi hawakujisumbua. Mimi, kwa kiherehere changu, nikaitafsiri kazi yote kwa Kiswahili chepesi ili kila mtu aelewe, nikapanda bodaboda hadi Songambele, nikaacha nakala ofisi ya kijiji.

Wiki haikuisha. Kaka wa marehemu alikwenda pale kufuata barua yake, akaikuta nakala yangu mezani, akaanza kuifunua. Mafundi cherehani wangapi wamekufa kwa pikipiki kijiji kile? Mmoja tu.

Ukoo ukaketi. Mama, aliyekuwepo, anasema shemeji huyo alisoma ukurasa wangu kwa sauti, kisha akamuuliza mama mdogo, "Huyu Mama Neema ni nani?" Hakukana. Deus alijua habari za baba yake hapo hapo, mbele ya mkewe... Hakungoja uamuzi wa ukoo wala baraza la ardhi. Kesho yake aliondoka na familia yake, na mpaka leo hatujui aliko. Migomba aliyoipanda wanaivuna wengine.

Mama mdogo sasa anaishi kwetu Igurwa. Nilipiga magoti nikamwomba msamaha, akasema amesamehe.

Ninyi mnaokwenda vijijini na simu na madaftari, nawasihi: mtu akisema usiandike, usiandike, hata kama ndilo jambo tamu kuliko yote uliyosikia. Jina bandia halimfichi mtu kwa majirani zake. Na asiyejua kukataa kwa sababu anakupenda, ndiye wa kumlinda zaidi.

Mkiona nazidisha, sikieni hili. Likizo iliyopita nilimkuta mama mdogo uani na wageni. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba. Nikakaa karibu yake, nikanyamaza, nikitumaini atasema lolote, hata anitukane. Alizungusha kisahani cha kahawa kwa kila mtu. Kilipofika kwangu, akakifunika kwa kiganja.